Nani Anachangia Sahani Yako? Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Chakula cha Mchana Ughaibuni

Katika toleo hili tumezikusanya barua zinazouliza jambo moja: mtu anayeishi ughaibuni, awe masomoni au kazini, atapataje chakula cha mchana kilicho kizuri bila kumaliza posho yake kabla ya mwisho wa mwezi? Wengi wenu mmetuomba majina ya migahawa. Tumeona afadhali tusiwape, kwani mgahawa hubadilisha mpishi, mmiliki au bei, ilhali utaratibu unaoufanya mlo uwe nafuu hudumu miaka mingi. Karibu kila mahali, mlo mzuri wa mchana wa bei ya chini umelipiwa sehemu na mtu mwingine, ambaye anaweza kuwa serikali, manispaa, chuo, mwajiri, au mteja wa jioni anayelipa bei kubwa kwa jiko lile lile. Nchini Ufini, kwa mfano, mwanafunzi wa chuo kikuu huonyesha kadi yake tu kwenye kaunta, na shirika la hifadhi ya jamii la nchi hiyo, Kela, huulipa mgahawa ruzuku yake moja kwa moja. Anayemjua mchangiaji wake haoni haja ya kuzunguka mitaani akisoma bei kwenye vioo vya migahawa.

Swali: Ndugu Mhariri, niko Ujerumani kwa mafunzo ya uuguzi, muda mwingine hospitalini na muda mwingine darasani. Mikate ya kununua kwenye kituo cha treni imenichosha, na inanimalizia fedha. Wenzangu wa chuo kikuu hula chakula cha moto kwa bei ndogo katika bwalo lao linaloitwa Mensa. Je, mimi nisiye mwanafunzi wa chuo kikuu naruhusiwa kuingia?

Jibu: Ndugu yetu, unaruhusiwa, kinachobadilika ni bei utakayolipa. Mabwalo hayo huendeshwa na taasisi za umma zinazoitwa Studierendenwerk, ambazo ziko 57 nchini kote, na kwa kawaida kila chakula huandikiwa bei tatu: ya wanafunzi, ya watumishi wa chuo na ya wageni. Bei ya mwanafunzi iko chini kwa sababu serikali ya jimbo hutoa ruzuku, na pia kwa sababu mwanafunzi mwenyewe amekwisha kuchangia kupitia ada ya muhula, ambamo kuna fungu la Studierendenwerk analolipa hata asipokanyaga bwaloni. Mwenzako anayekuringia sahani ya euro 3 ameanza kuilipia tangu siku ya usajili. Mgeni hulipa zaidi, lakini hata bei hiyo mara nyingi huwa chini ya ile ya mgahawa wa jirani, na chakula ni kile kile.

Baadhi ya Studierendenwerk huwapa walio katika mafunzo kama yako bei ya wanafunzi au ya watumishi, na nyingine hazifanyi hivyo. Chukua mkataba wako wa mafunzo pamoja na hati ya shule, ukaulize kwenye ofisi inayotoa kadi za malipo. Usiulize kwenye kaunta, kwa kuwa mhudumu hana mamlaka ya kubadilisha bei, na saa sita mchana ana foleni ndefu nyuma yako.

Hata hivyo tunadhani unatazama mbali wakati mchangiaji wako yuko karibu. Hospitali kubwa nyingi zina kantini yenye bei ya watumishi, na kwa mkataba ulio nao wewe ni mtumishi. Bei za kantini za waajiri nchini humo huelekea kukaribiana kwa sababu ya kikodi: kila mwaka serikali hutangaza thamani rasmi ya mlo, ambayo kwa mlo wa mchana wa mwaka 2025 ilikuwa euro 4.40, na mfanyakazi anayelipa angalau kiasi hicho hahesabiwi kuwa amepewa kipato cha ziada cha kutozwa kodi. Mwajiri asiye na kantini anaweza kutoa vocha za chakula zinazofuata hesabu hiyo hiyo. Uliza ofisi ya utumishi, maana wageni wengi hukaa mwaka mzima bila kujua kwamba vocha zipo, kwa kuwa tu hakuna aliyewaambia nao hawakuuliza.

Siku za darasani, tafuta ubao wenye neno Mittagstisch, yaani mlo wa mchana. Utauona kwenye migahawa na, jambo linalowashangaza wengi, kwenye mabucha. Bucha la Kijerumani mara nyingi lina jiko nyuma, na mchana huuza supu ya dengu, viazi na nyama iliyookwa kwa wateja wanaokula wamesimama kwenye meza ndefu za pembeni. Mwenye bucha ananunua nyama kwa bei ya jumla na hahitaji wahudumu, ndiyo maana anaweza kukuuzia kwa bei hiyo. Muda ni mfupi, kwa kawaida kuanzia saa tano na nusu hadi saa nane, na chakula kinachosifiwa huisha mapema. Baadhi ya majengo ya serikali za mitaa nayo yana kantini zilizo wazi kwa umma, ambazo wapita njia wengi hawazijui kwa kuwa hazina bango barabarani.

Kama huli nguruwe, usitegemee herufi za mzio zilizoandikwa kando ya chakula. Orodha ya lazima ya Umoja wa Ulaya ina viambato 14 na nguruwe hamo. Mabwalo mengi huweka alama yake peke yake, itafute hiyo.

Swali: Mhariri, salamu. Nafanya mafunzo kwa vitendo ya miezi sita katika kampuni moja mjini Lyon, Ufaransa. Wafanyakazi wote wana kadi ya kulipia chakula cha mchana. Mimi sikupewa, na nilipouliza niliambiwa kwamba mwanagenzi hahusiki. Nifanye nini, maana mgahawa wowote wa karibu unakula nusu ya posho yangu ya siku?

Jibu: Umeambiwa visivyo. Sheria ya Julai 2014 kuhusu mafunzo kwa vitendo inampa mwanagenzi haki ya kutumia bwalo la kampuni au kupata vocha za chakula, ambazo ndizo zilizomo kwenye kadi za wenzako, kwa masharti yale yale ya wafanyakazi. Kampuni hailazimiki kutoa vocha, lakini ikishawapa wafanyakazi wake haiwezi kukuruka wewe. Iandikie ofisi ya utumishi barua pepe fupi yenye heshima, ukitaja kifungu L124-13 cha Code de l'éducation (sheria ya elimu), na umpe nakala msimamizi wako wa chuoni, kwa kuwa chuo ni mmoja wa waliotia saini mkataba wa mafunzo yako. Huna haja ya kulalamika wala kutisha. Mara nyingi aliyekujibu hakuwa na nia mbaya. Alikuwa tu hajui, na kifungu kilichotajwa kwa namba humpa njia ya kubadili jibu bila kuaibika.

Vocha hizo, zinazoitwa titres-restaurant, zilipata msingi wake wa kisheria mwaka 1967. Mwajiri hulipa kati ya asilimia 50 na 60 ya thamani yake, nawe unakatwa kiasi kinachobaki, kwa hiyo vocha ya euro 8 hukugharimu kati ya euro 3.20 na 4. Hutolewa moja kwa kila siku ya kazi yenye mapumziko ya mlo ndani yake, matumizi ya siku moja yana kikomo cha euro 25, na kwa kawaida hazipokelewi Jumapili wala sikukuu. Watu wengi husahau kwamba huo ni mlo ambao nusu yake imekwisha kulipwa, wakautumia kununua keki na soda. Hilo ni shauri lao, ila wewe mwenye posho ndogo usiwaige.

Usisahau pia kwamba bado u mwanafunzi. Mabwalo ya vyuo vya Ufaransa huendeshwa na taasisi za umma za CROUS, na kadi yako ya uanafunzi inakubalika katika mji wowote, si kwenye chuo chako tu. Kwa miaka kadhaa bei ya kawaida ya mlo kamili ilikuwa euro 3.30, na kuanzia mwaka 2020 wenye ufadhili wa serikali ya Ufaransa walikula kwa euro 1. Wasio na ufadhili lakini wenye hali ngumu waliweza kuomba bei hiyo ya chini kupitia huduma ya ustawi wa jamii ya CROUS, na mwanafunzi wa kigeni aliruhusiwa kuomba. Masharti ya bei hiyo yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo soma tangazo la CROUS ya Lyon kwa mwaka wa masomo uliomo. Malipo hufanywa zaidi kwa akaunti inayoitwa Izly, ambayo hufunguliwa kwa anwani ya barua pepe uliyoandikishia chuoni. Wageni wengi hukosea kwenye sinia: bei ya mlo inahusu chakula kikuu na vyakula vichache vya pembeni, na ukirundika saladi, jibini na vitamutamu viwili utaona bei imepanda ukifika kwa mtunza fedha, wakati huwezi tena kurudisha kitu bila watu kukutazama.

Siku utakayokwenda mgahawani, agiza kile kinachoandikwa formule, yaani mchanganyiko wa bei moja wa chakula kikuu pamoja na cha kuanzia au cha kumalizia, na uombe carafe d'eau, jagi la maji ya bomba ambalo halitozwi. Mkate nao hautozwi. Bei iliyoandikwa ina huduma ndani yake, kwa hiyo bakshishi si deni.

Ukiamua kubeba chakula, usishangae mwenzako akikukataza kukila kwenye meza yako ya kazi. Sheria ya kazi ya Ufaransa kwa kawaida hairuhusu mwajiri kuwaachia wafanyakazi wale ndani ya chumba cha kufanyia kazi. Wengi huiona sheria hiyo kuwa ya ajabu. Sisi tunaiona ni rafiki wa anayetaka kula vizuri, kwa kuwa inamlazimisha mwajiri kufikiria mahali pa kulia.

Swali: Mhariri mpendwa, nasoma Bengaluru, India, na ninaagiza chakula kwa programu ya simu kila mchana. Kila agizo linaonekana dogo, lakini mwisho wa mwezi jumla yake inakaribia kodi ya chumba. Nianzie wapi kupunguza?

Jibu: Anza kwa kusoma risiti ya agizo moja hadi chini. Utakuta chakula, kisha gharama ya kufungasha, ya kuleta na ya programu yenyewe, na mara nyingi bei ya chakula kwenye programu imekwisha kupandishwa juu ya ile ya dukani. Hapo hakuna anayekuchangia. Ni wewe unayewachangia wengine wote.

Mji uliko una mfumo wake wa kula mchana. Kwanza kuna vibanda vinavyoitwa darshini, ambavyo vilianza kuenea Bengaluru katika miaka ya 1980. Unalipa kwanza, unachukua tokeni, unaipeleka dirishani, na unakula umesimama. Vyakula ni vya mboga, vinapikwa mbele yako na kuisha upesi, kwa hiyo havilali. Unafuu wake umetokana na kukosekana kwa viti na wahudumu, au tuseme umechangiwa na miguu yako mwenyewe. Pili, migahawa ya kusini mwa India huuza mchana sinia la wali pamoja na sambar (mchuzi wa dengu na mboga), rasam (supu nyepesi yenye viungo), mboga na mtindi. Uliza kabla ya kukaa kama wali unaongezwa, kwa kuwa sinia la kuongezwa na lisiloongezwa hutofautiana bei, na mwenye njaa ndogo hana sababu ya kulipia la kuongezwa.

Tatu ni Indira Canteen, mpango uliozinduliwa Bengaluru Agosti 2017 kwa fedha za umma, ambapo kifungua kinywa kiliwekwa kuwa rupia 5 na mlo wa mchana rupia 10. Jimbo la Tamil Nadu lilitangulia mwaka 2013 kwa vibanda vyake vya aina hiyo, Amma Unavagam. Hakuna anayekuuliza kitambulisho, lakini chakula hupikwa kwa kiasi na hukatika, nasi tungependa uwaachie nafasi vibarua siku ambazo mfuko wako unaruhusu darshini.

Kama ratiba yako haikuachi kutoka, jiunge na mpishi wa nyumbani anayeleta vyakula kwenye vibebeo vya chuma kwa malipo ya mwezi. Jaribu kwa wiki moja kabla ya kulipa mwezi mzima, na mkubaliane mapema siku ambazo hutakula.

Swali: Ndugu Mhariri, niko Istanbul kwa ufadhili wa serikali ya Uturuki. Bweni linatupa kifungua kinywa na chakula cha jioni, lakini mchana ni juu yetu, na bei za migahawa hupanda kila ninapozoea. Kuna njia gani?

Jibu: Nchi ambayo bei hupanda upesi humlazimu mtu kutafuta mahali ambapo bei hupangwa na taasisi. Mahali pako pa kwanza ni bwalo la chuo, yemekhane, ambako mlo wa ruzuku huwa na supu, chakula kikuu, wali au tambi, na saladi, mtindi au tunda. Vyuo vingi hutaka uweke nafasi mapema kupitia mtandao, na hilo ndilo linalowakosesha wengi, kwa sababu mtu hukumbuka njaa saa sita wakati dirisha la kuweka nafasi lilifungwa jana. Weka nafasi za wiki nzima siku moja.

Ukiwa mbali na chuo, tafuta Kent Lokantası. Hiyo ni migahawa ya Manispaa Kuu ya Istanbul, ambayo wa kwanza ulifunguliwa mwaka 2022, na huuza mlo kamili wa bei moja kwa mtu yeyote. Bei hupandishwa mara kwa mara, lakini hubaki chini sana ya soko. Foleni ni ndefu, kwa hiyo fika mapema au baada ya msongamano wa mchana.

Mgahawa wa kawaida unaokufaa ni esnaf lokantası, ule wa mafundi na wenye maduka. Vyakula hupikwa asubuhi na kuwekwa nyuma ya kioo, nawe unaonyesha kwa kidole unachotaka, jambo linalomsaidia asiyejua Kituruki vizuri. Mkate kwa kawaida huwekwa mezani bila malipo. Jifunze kusema "az" kabla ya jina la chakula ili upewe nusu sahani kwa bei ya chini. Nusu ya maharage na nusu ya wali ni mlo unaotosha. Nenda kabla ya saa saba, maana jioni yanabaki masalio yaliyopashwa moto tangu mchana.

Swali: Mhariri, nafanya kazi Warsaw, Polandi. Karibu na ofisi kuna mgahawa wa aina inayoitwa bar mleczny, wenye bei za chini sana. Wateja wengi ni wastaafu na wanafunzi. Ninalipwa mshahara wa kutosha. Je, ni aibu mimi kula pale?

Jibu: Si aibu, na hutawanyang'anya wastaafu chakula chao. Ruzuku ya serikali katika migahawa hiyo hufuata chakula chenyewe bila kujali anayekila: huelekezwa kwenye viambato vya vyakula visivyo na nyama, kama vile unga, maziwa, mayai na mboga. Mgahawa wa kwanza wa aina hiyo ulifunguliwa Warsaw mwaka 1896, na tangu hapo wamekula katika migahawa hiyo watu wa kila tabaka, wakiwemo mawakili na wanasiasa.

Kwa kuwa ruzuku haigusi nyama, tofauti ya bei na mgahawa wa kawaida ni kubwa zaidi kwenye supu, chapati za viazi na pierogi za jibini (vifuko vya unga vilivyochemshwa) kuliko kwenye kipande cha nyama. Soma ubao, lipa kwanza, peleka risiti dirishani, na ukimaliza urudishe vyombo mwenyewe. Kinachowaudhi wastaafu ni mtu anayesimama mbele ya mtunza fedha akiwa bado hajaamua.

Swali: Nipo Madrid. Saa sita mchana nakuta majiko yamefungwa, na jioni bei zimepanda. Wenyeji wanakula wapi?

Jibu: Wanakula pale pale, ila baada ya saa nane mchana. Subiri hadi saa nane, Jumatatu hadi Ijumaa, na uombe menú del día: chakula cha kwanza, cha pili, mkate, kinywaji, na kitamutamu au kahawa kwa bei moja, ambayo siku hizi katika mji huo mara nyingi huwa kati ya euro 12 na 16. Desturi hiyo ilikua kutokana na kanuni za utalii za miaka ya 1960, serikali ilipoitaka migahawa iwe na mlo wa bei maalumu, nao wafanyakazi wakauchukua ukawa wao. Maji ya bomba ni ya bure kisheria tangu mwaka 2022. Ukivuka mpaka kwenda Ureno, tahadhari na mkate, zeituni na jibini zinazowekwa mezani bila kuombwa. Kwa sheria ya huko hutozwi usichokiomba wala kukigusa, lakini ukionja umenunua.

Swali: Asalaam aleikum Mhariri. Ninasoma Japani, na kwa sababu ya dini yangu sili nguruwe wala kutumia pombe. Bwalo la chuo ni nafuu, lakini naogopa supu na michuzi, kwa hiyo ninaishia kula wali mtupu na mayai. Mnanishauri nini?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yetu. Hofu yako ina msingi, kwani kinachokupasa kukitazama zaidi si nyama inayoonekana bali kile kilichomo ndani ya mchuzi: mirin na sake, vileo vya mchele, hutumika kulainisha ladha, mafuta ya nguruwe hutumika kukaangia, na supu ya tambi mara nyingi hutokana na mifupa yake. Kanuni za Japani za kuandika viambato vya mzio hazikusaidii sana, kwa sababu nguruwe yumo katika orodha ya vitu vinavyopendekezwa kutajwa, si katika ile ya lazima.

Pamoja na hayo, usiliache bwalo la chuo, kwa kuwa hapo ndipo unapochangiwa. Mabwalo mengi huendeshwa na ushirika wa chuo ambao wanafunzi wenyewe ni wanachama wake, na vyuo kadhaa vina vyakula vya halali kutokana na maombi ya wanachama kama wewe. Iandikie ofisi ya ushirika pamoja na wenzako, mkitaja idadi yenu na siku mnazokula. Ushirika husikiliza hesabu zaidi kuliko huruma. Wakati mnasubiri, jifunze kuitambua herufi 豚, yaani nguruwe, na uombe orodha ya viambato, ambayo mabwalo mengi huwa nayo. Samaki aliyechomwa kwa chumvi, tofu baridi na mboga zisizotiwa mchuzi huwa salama zaidi kuliko chochote kilichopikwa ndani ya mchuzi wa soya uliotiwa sukari.

Nje ya chuo, nenda mchana kwenye mgahawa ambao usiku usingeuthubutu. Migahawa mingi ya Japani inayotoza maelfu ya yeni jioni huuza mchana seti ya wali, supu na kitoweo kwa takriban yeni 1,000, kwa kuwa kodi ya jengo na mishahara vimekwisha kulipwa na wateja wa usiku. Migahawa ya Kihindi na ya Kituruki hufanya vivyo hivyo, na mingi huweka wazi kama nyama yake ni ya halali. Saa ni tano na nusu hadi saa nane, na bakshishi haitolewi.

Swali: Mhariri, nimewasoma kwa muda mrefu, na naona ushauri wenu unawafaa walio katika nchi zenye ruzuku. Mimi ni mfanyakazi Uingereza. Hapa hakuna bwalo la serikali wala vocha kazini kwetu. Nani ananichangia mimi?

Jibu: Hoja yako ni ya haki, na jibu letu litaanzia kwenye kodi. Nchini Uingereza chakula cha moto, pamoja na chochote unachokilia ndani ya mgahawa, hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, ilhali vyakula vingi vya baridi unavyoondoka navyo, sandwichi ikiwemo, havitozwi. Ndiyo maana sandwichi ile ile huuzwa bei mbili, ya kukaa na ya kuondoka. Soda na vibanzi vya pakiti hutozwa kodi hata ukiondoka navyo. Seti ya supamaketi ya sandwichi, kitafunwa na kinywaji ni nafuu kwa anayevitaka vyote vitatu. Aliyebeba maji yake alinganishe kwanza na bei ya sandwichi peke yake.

Mchangiaji wa pili ni chakula kinachokaribia muda wake. Supamaketi hubandika vibandiko vya punguzo, vingi vikiwa jioni, na programu ya Too Good To Go, iliyoanzia Denmark, huuza mifuko ya vyakula vilivyobaki. Mifuko hiyo hutolewa zaidi mwishoni mwa siku, kwa hiyo ichukulie kuwa ni mchana wa kesho, na uangalie kama unaweza kuihifadhi.

Mahekalu ya Kalasinga, gurdwara, yapo katika miji mingi na huwa na langar, chakula cha mboga kinachotolewa bure kwa mtu yeyote wa dini yoyote. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini pamoja na wengine. Anayelipa pale ni waumini, kwa fedha na kwa mikono yao, nasi tunaona si uungwana kwa mwenye mshahara kupafanya kantini yake ya kila siku. Ukienda mara kwa mara, jitolee kuosha vyombo, na hutakataliwa.

Siku nyingi zilizobaki utabeba chakula chako, na hapo mchangiaji ni jiko lako la jana. Ukibeba wali, upoze ndani ya saa moja baada ya kuiva, uuweke kwenye friji usizidi saa 24, kisha uupashe mara moja tu hadi utoe mvuke, kwa sababu kuna bakteria ambao mbegu zao haziuawi na kupika na huzaliana wali ukiachwa mezani. Kanuni za Uingereza za mwaka 1992 kuhusu mazingira ya kazi zinamtaka mwajiri awe na mahali panapofaa kulia ikiwa wafanyakazi hula kazini mara kwa mara. Kama kazini kwenu hapapo, pelekeni ombi kwa pamoja, na katika ombi hilo hilo mtaje friji na tanuri ya mikrowevu.